Laki Nne na Elfu Themanini

Saa nne usiku, Wonosobo. Ukungu umeshuka kutoka Dieng,
umekaa dirishani kama mgeni asiyetaka kuaga.
Nasahihisha. Karatasi thelathini na moja, swali la saba:

Gunia la viazi ni rupia laki tano.
Jumatatu bei ikapanda asilimia ishirini,
Alhamisi ikashuka asilimia ishirini.
Sasa gunia ni bei gani?

Tegar kaandika kwa wino, tarakimu zimenona:
laki tano. Kapiga mstari chini, kisha wa pili.
Pembeni hakuna hesabu, hata alama ya kutoa.
Kilichopanda kimeshuka, yameisha,
kama mtu aliyepanda ngazi akashuka ngazi
akajikuta palepale alipovulia viatu.
Wahenga wangesema debe tupu.
Hapana. Namjua Tegar, debe lake lina maji,
ila hakuna aliyewahi kutumbukiza kijiti apime.

Wuri naye kaandika laki tano,
kwa penseli, ndogo, pembeni kabisa,
kama mtu aketiye ukingoni mwa kiti cha wenyewe.
Lakini karatasi pale imechubuka.
Kifutio kimepita, kimerudi, kimepita,
hadi nyuzi zimesimama.

Naiinua kwenye taa.
Chini ya laki tano kuna kivuli:
ishirini ya laki tano, laki moja. Jumla, laki sita.
Ishirini ya laki sita, laki na elfu ishirini. Toa.
Laki nne na elfu themanini.

Alikuwa amefika.
Alikuwa amefika, kapiga hodi, kafunguliwa mlango,
kisha akaomba radhi
akasema nimekosea nyumba.

Wuri huyu, binti wa mlima viazi,
aliyemwona mama yake akihesabu noti mezani
zikipungua, ingawa redio inasema bei imerudi.
Anajua, tangu tumboni anajua,
kwamba ishirini ya kikubwa si ishirini ya kidogo.

Nani kamwambia afute?

Nafikicha macho. Nakumbuka.
Jumanne, dakika kumi kabla ya kengele,
Tegar kainua mikono: "Rahisi! Inarudi palepale!"
Darasa likacheka, likashusha pumzi.
Nami nilikuwa napita kati ya madawati,
nikasimama nyuma ya Wuri, nikatazama bila kusoma,
nikauliza,
"Una hakika?"

Sauti yangu ilikuwa ya upole. Naapa.
Mkono wake ukakimbilia kifutio.

Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia.
Miaka kumi na tisa nauliza swali hilo hilo
na leo ndipo naona huwa namwuliza nani.
Tegar sijamwuliza hata siku moja.
Ajiaminiye nampisha njia.
Mwenye shaka namsimamisha, namkagua,
kama askari wa kizuizini ambaye
siku zote hufungua mzigo wa yule anayetetemeka.

Kuna kosa lisilo na nafasi kwenye karatasi ya majibu.

Kesho nitamwita Tegar ubaoni.
Nitamwuliza: ishirini, lakini ishirini ya nini?
Atakuna kichwa, ataduwaa, atasema "Kumbe!"
na kufika saa ya chakula atakuwa amesahau,
maana kosa humteleza yeye kama maji juu ya jani la yugwa.
Wuri je?
Nikimwambia ulipatia, ukapotezewa,
atacheka? Atalia?
Au atanitazama kwa mara ya kwanza usoni
na kuniuliza, kwa haki yake kabisa,
"Bu, una hakika?"

Mwongozo unasema alama tatu kwa jibu sahihi,
sifuri kwa lisilo sahihi.
Juu ya kivuli hausemi kitu.
Chai imepoa, kalamu nyekundu nimeifunika,
karatasi zilizobaki ni kumi na mbili.
Naiinua tena kwenye taa.
Bado ipo.